Saa Nane ya Casablanca

Casablanca, 13 Machi

Kwa Bwana Driss Ouhammou, Rotterdam

Bwana Driss,

Salaam, na heri ya mwezi mtukufu. Naandika kwa niaba ya Ofisi ya Maonano ya Familia. Leo Jumatano hukutokea kwenye maonano yako ya video na binti yako Inass, yaliyopangwa kama kila Jumatano saa nane mchana. Mtoto na mama yake, Bi Hanane, walikaa chumba namba mbili mpaka muda ukaisha. Hukupiga simu wala hukuandika.

Nakukumbusha amri ya hakimu: mzazi akikosa mara tatu mfululizo bila udhuru, jalada linarudi mahakamani, na ile safari ya mtoto kuja kwako Agosti inafutwa. Hii ni mara ya kwanza.

Hayo ni ya ofisi. Langu mimi ni hili: mtoto alikuja na jino lake lililong'oka, amelifunga kwenye karatasi ya chooni, akuonyeshe. Aliondoka nalo.

Touria Bencherki
Mratibu wa miadi

*

Rotterdam, 13 Machi

Bi Touria,

Sikutokea? Mimi? Wallahi nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena.

Saa nane kamili nilikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo hapa gereji, nimenawa mikono mpaka viwikoni, nimevaa shati ambalo Inass analipenda, simu nimeiegemeza kwenye boksi la spana. Nilifungua mwaliko wenu. Nikaona kiti kitupu na ukuta wenu wa rangi ya njano. Nikangoja. Mtambo ukanifukuza muda ulipoisha, nikaingia tena, ukanifukuza tena. Nikarudi chini ya lori la watu nikiwa nimefunga na nina hasira, na hivyo viwili haviendi pamoja.

Usiniambie habari za saa ya Ramadhani. Mimi ni mtoto wa Khouribga, najua kwamba Jumapili mmerudisha saa nyuma, kama kila mwaka. Lakini mwaliko wenu unaandika saa za huku kwangu, na ulisema saa nane. Nikasema ofisi mwezi huu inafunga mapema, basi wameyasogeza, na kompyuta imeshapiga hesabu yake. Ningefanya nini, nibishane na kompyuta ya serikali?

Kama Hanane alikuwa hapo, mwambie michezo hii naijua. Miaka mitatu sasa ameifungia namba yangu, sasa anataka na dirisha hili dogo la nusu saa alizibe. Agosti nimeahidiwa na hakimu, si na yeye. Kitanda cha mtoto nimeshakipaka rangi.

Driss Ouhammou

*

Casablanca, 14 Machi

Bwana Driss,

Kelele za gereji ziache gerejini. Hapa hakuna aliyecheza mchezo. Bi Hanane alikuwepo, nami nilikuwepo, na saa ya ukutani ilionyesha saa nane kamili.

Saa nane yetu mwezi huu ni saa tisa yako. Hilo na wewe umelisema mwenyewe. Kama mwaliko ulikuletea jingine, suala la mwaliko ni la ofisi, sisi tutaliangalia. Kanuni hainiruhusu kujadili na upande mmoja namna tunavyopanga, kwa hiyo usiniulize.

Nikuambie tu, hauko peke yako. Nyumbani kwangu mama mkwe hajapata kuikubali ile saa ya serikali iliyosogezwa mbele, tangu walipoileta. Mwaka mzima anaishi nyuma yetu saa moja, anakuja kwenye arusi watu wakiosha vyombo. Ramadhani ikiingia, saa ikarudi, anatutazama sote kama watoto watoro waliorudi nyumbani. Jana kanipikia supu yetu ya futari, harira, akaniambia: "Sasa mnaweza kula na mimi."

Jumatano ijayo uje kwa wakati, na hasira uziache mlangoni. Mtoto anakusubiri.

Touria Bencherki

*

Rotterdam, 20 Machi

Bi Touria,

Leo nimeona kitu, na nataka unieleze wewe uliye mtu mzima.

Nimeingia kwa wakati wenu, uliowekwa na nyie. Chumba kile kile, kiti kile kile, taa inawaka. Kwenye mgongo wa kiti kulikuwa na koti dogo jekundu. Nikaita, "Inass? Inass, baba huyu hapa." Nikaita tena. Ukaja mkono kutoka pembeni, mkono tu, sikuona uso. Ukalichukua koti. Ukasimama kidogo, maana mkono nao husimama, nimeuona ukisita. Kisha taa ikazimwa.

Mkono wa nani?

Mtu alinisikia nikimwita mwanangu, akazima taa. Huo si uzembe wa kompyuta, Bi Touria. Kompyuta haina mikono. Nataka jina. Nisipolipata nitapanda ndege nije nigonge huo mlango wenu wenyewe, na hapo mtanipa sababu ya kweli ya kunipeleka kwa hakimu.

Sijala tangu daku na sitaki kula.

Driss

*

Casablanca, 21 Machi

Bwana Driss,

Ofisi inakuarifu kwamba jana tarehe 20 Machi umehesabiwa kukosa mara ya pili. Imesainiwa na mkurugenzi, Bwana Sefrioui, si na mimi.

Sasa nisikilize, na ukae chini usome. Usipande ndege. Ukija hapa na sauti hiyo utamaliza kila kitu kwa siku moja, na mimi sitaweza kukusaidia hata kwa glasi ya maji.

Mkono siujui. Mimi nilitoka mapema jana, mama mkwe alianguka bafuni, ni mzima alhamdulillahi. Nimemuuliza mzee Lahcen wa mlangoni, anasema alikuwa anafunga madirisha ya chini. Nimeangalia daftari la kuingia: mama na mtoto walikuja saa nane, wakaondoka muda ulipoisha. Wewe unasema uliliona koti na mkono. Ofisi inafunga saa tisa mwezi huu. Nina mashaka makubwa na jambo moja tu.

Nijibu hili bila matusi: jana mwaliko wako ulisema saa ngapi? Na je, wewe mwenyewe uligusa chochote?

Touria

*

Rotterdam, 21 Machi

Ulisema saa kumi.

Ndiyo, niligusa. Ile Alhamisi uliponiandikia kwamba saa nane yenu ni saa tisa yangu, nilifungua kalenda, nikasogeza kutoka nane kwenda tisa. Si mmetuachia wazazi ruhusa ya kusogeza? Nikaona nisikusumbue, umeshasema hutaki kuulizwa. Jumatano asubuhi nafungua, naona saa kumi. Nikasema basi, wenyewe wameamua, wana sababu zao za Ramadhani. Nikamwomba bosi anibadilishie zamu.

Kwani vipi?

D.

*

Casablanca, 22 Machi

Bi Touria,

Nakuandikia mimi, Hanane, mama yake Inass, ili isije ikasemwa sikutoa taarifa.

Jumatano ijayo sitamleta mtoto. Mara mbili nimemtoa shuleni, nimemsuka, amekaa mbele ya kioo cheusi cha kompyuta akijitazama mwenyewe. Mara ya pili hakulia, na hilo limeniumiza zaidi ya kulia. Njiani aliniuliza kama baba amepata mtoto mwingine. Nilimwambia sijui.

Kama amri inasema mara tatu, basi na itimie ya tatu, jalada lirudi kwa hakimu tumalizane. Mimi sina neno baya la kuongeza. Mwenyewe amejiandikia.

Hanane Lazrak

*

Casablanca, 25 Machi

Driss,

Barua hii naituma kutoka kwenye anwani yangu ya nyumbani. Ukiijibu, jibu huku huku.

Nimekaa na ile kalenda Ijumaa nzima na leo tena. Nikueleze kama ninavyomweleza mama mkwe, taratibu.

Kalenda yetu haiko Casablanca. Iko Paris. Majira ya baridi fundi alikuja kutuwekea kompyuta mpya, ikamwuliza mji, akachagua Paris. Wakati ule saa zetu na zao zilikuwa sawa, hakuna aliyeona tofauti. Ramadhani ilipofika sisi tukarudisha saa, Paris haikurudisha, na kalenda ikabaki Ulaya na nyie. Kila nilipoandika saa nane, yenyewe iliandika saa nane ya huko kwenu. Kwa hiyo wiki ya kwanza ulifika kabla yetu, ukangoja, ukaondoka. Ulisema kweli.

Ya pili ni yangu. Jumatatu ile nililiona kosa nusu, sikuona shina lake. Nikachagua mafaili yote ya Ulaya kwa mkupuo, nikayasukuma mbele saa moja. Lako wewe ulikuwa umeshalisukuma Alhamisi. Sikutazama. Ulirekebisha kimya kimya usinisumbue, nami nikarekebisha kimya kimya kwa sababu ya kanuni, na kati ya adabu yako na kanuni yangu mtoto akakaa mbele ya kioo.

Nimekwenda kwa Bwana Sefrioui. Nimemwonyesha. Ameelewa, si mjinga yule. Akaniambia, "Touria, tuna mafaili mangapi ya Ulaya? Tukikubali kwa maandishi kwamba kalenda ilikosea, kila aliyekosa mwezi huu atatuletea wakili." Nikamwambia huyu akikosa Jumatano anapoteza Agosti. Akasema, "Basi asikose."

Asikose! Na mama wa mtoto ameandika kwamba hatamleta.

Usimpigie, hata kwa namba ya rafiki. Usitume mtu. Niachie mimi. Na hiyo kalenda, nakuomba kwa haki ya mwezi huu, usiiguse hata kwa kidole.

Touria

*

Casablanca, 25 Machi

Mama Inass,

Sikuandikii kama ofisi. Ofisi imenikataza.

Driss hakukosa. Mara zote mbili aliingia, mara ya kwanza kabla yenu, mara ya pili baada yenu. Kosa ni la kalenda yetu na la mikono yangu. Hesabu yenyewe nimeiweka chini ya barua hii, na ukitaka nitakuja nikueleze kwa mdomo, nyumbani au popote upendapo.

Sikuombi umpende. Yaliyowatenganisha mnayajua wenyewe. Nakuomba kitu kimoja: mtoto akikuuliza tena kama baba amepata mtoto mwingine, umjibu ukijua ukweli.

Jumatano nitakuwa chumba namba mbili tangu tunapofungua.

Touria Bencherki

*

Casablanca, 26 Machi

Bi Touria,

Nilijua.

Hiyo ya kwanza sikuijua. Ya pili niliijua. Tulikuwa tumengoja basi kitambo kwenye kona ya duka la maziwa, Inass akasema koti limebaki. Nikamwacha kwa mwenye duka nikarudi. Mzee wa mlangoni alikuwa chini, nikapanda mwenyewe. Nimeshika koti, nikasikia, "Inass, baba huyu hapa." Sauti yake haijabadilika. Nilikuwa na hatua mbili tu niingie mbele ya kioo nimwambie ngoja, mtoto yuko kwa muuza maziwa, namleta sasa hivi. Nikazima taa.

Unajua ninachokiogopa? Si yeye kumwona kwa video. Naogopa Agosti. Dada wa jirani yangu mtoto wake alikwenda Ubelgiji likizo ya mwezi mmoja, leo ana miaka kumi na tano na haongei lugha ya mama yake. Driss ni mtu wa ghafla. Akiamua kitu asubuhi, jioni kimeshafanyika. Hivyo ndivyo alivyonioa, na hivyo ndivyo alivyoondoka. Akiamua kwamba mtoto anasoma huko, mimi nitamfuata na nini?

Ndiyo maana nikasema, akikosa mwenyewe, mimi sijafanya kitu. Nilikaa kwenye futari siku hiyo nikampa Inass tende yangu.

Usiniandikie tena. Sijui nitafanya nini kesho.

Hanane

*

Rotterdam, 26 Machi

Bi Touria,

Hujaniandikia tangu jana, kwa hiyo najua huna habari njema.

Nimeamua. Sitazami kalenda, sitazami simu, sitazami saa ya mtu yeyote. Nimeomba siku nzima. Bosi alinuna, akaniuliza mkutano wenyewe ni saa ngapi, nikamwambia ndicho ambacho hakuna anayekijua, akacheka akaniachia. Kesho nitafungua hicho chumba chenu baada ya sala ya alfajiri na nitakaa. Mtambo ukinifukuza naingia tena. Ukinifukuza mara ishirini, naingia mara ishirini. Watakapokuja watanikuta, kama watakuja.

Kama hawaji, uwashe taa hata wewe, nione kuna mtu.

Nilisema mengi mabaya juu ya Hanane. Mengine ni kweli, lakini nisamehe kwa sauti niliyotumia.

Driss

*

Rotterdam, 27 Machi

Bi Touria,

Wewe ulikuwepo, ulikuwa umesimama pale mlangoni ukijifanya unapanga mafaili, lakini hukuona nilichokiona mimi, kwa hiyo nakuandikia.

Tangu asubuhi nimeuangalia ukuta wenu wa njano. Naujua ufa wake sasa. Wewe ulipita ukanipungia, ukapita tena ukasema, "Bado, mdogo wangu." Saa nane yenu ikafika, sikuiona ikifika, niliijua kwa uso wako. Ikapita. Nikaanza kuwaza maneno ya kumwambia hakimu. Kisha mlango ukafunguliwa, nikaona pindo la jilbabu la Hanane, na Inass nyuma yake amelishikilia.

Nikamwambia Inass, "Mama yangu, umekuja."

Alinitazama. Umemwona alivyonitazama? Kama mteja anayekagua gari alilodanganywa bei. Akakaa. Kisha akakizungusha kile kiti chenu cha magurudumu akanipa mgongo.

Nusu saa nzima nimeongea na msuko wa nywele. Nimemweleza kuhusu saa, kwamba yetu na yenu ziligombana na baba akawa anakuja wakati yeye hayupo. Nimemweleza kitanda ni cha rangi gani. Nimemuuliza jino liko wapi. Hakunijibu hata moja. Mara moja tu, nilipomwambia yule paka wa gereji amezaa ndani ya tairi, msuko ulitikisika. Labda alicheka. Labda alikuwa anajikuna tu.

Hanane alikaa pembeni mpaka mwisho, na safari hii taa haikuzimwa.

Sijui nifurahi au nilie. Nimehesabiwa nimehudhuria, sivyo? Kalenda inajua nilikuwepo. Mwanangu bado hajui.

Driss

*

Casablanca, 29 Machi

Driss, mdogo wangu,

Umehesabiwa umehudhuria. Nimeandika kwa mkono wangu, na ndicho kitu cha mwisho nilichoandika kwenye dawati lile.

Bwana Sefrioui amejua kwamba nilimwandikia Bi Hanane. Sikuficha aliponiuliza. Kuanzia Jumatatu nahamia masjala, ghorofa ya chini, kupanga majalada ya talaka za zamani. Usijilaumu na usiniandikie pole. Kule chini kuna baridi nzuri kwa mtu aliyefunga, na wahusika wote wameshachoka kugombana.

Lakini kuna hatari na lazima uijue. Kabla sijatoka nimeirudisha kalenda Casablanca, mji wake halali. Iko sawa sasa. Jumapili hii nyie huko mnasogeza saa mbele, sisi bado tuko kwenye saa ya Ramadhani. Mtaachana nasi kwa saa mbili. Baada ya Idi sisi tutasogeza yetu, tofauti itarudi kuwa moja. Kalenda, ikiachwa peke yake, inayajua haya yote. Tatizo ni kuachwa peke yake. Aliyechukua nafasi yangu ni kijana mchangamfu mno. Leo mchana nimemsikia akimwambia mwenzake, "Hizi saa za Ulaya zote zimekaa ovyo, Jumatatu nitazinyoosha."

Nimemwambia asinyooshe. Amenipa tabasamu.

Ile mara ya kwanza na ya pili bado zimeandikwa. Nimeomba zifutwe, mkurugenzi anasema mlalamikaji tu ndiye anayeweza kuomba hivyo. Mlalamikaji kwenye jalada lenu ni Bi Hanane. Ukikosa Jumatano hii, watahesabu tatu, mfululizo au la, kuna wakili atakayeijenga hoja hiyo.

Sina cha kukushauri. Ningekuwa nacho ningekupa.

Touria

*

Rotterdam, 31 Machi

Bi Touria,

Leo wamesogeza saa. Nimeamka sijui daku imenipita au bado.

Asubuhi nimefungua kalenda, inasema Jumatano saa kumi. Jioni nimefungua tena, inasema saa kumi na moja. Jumapili hii, na ofisi imefungwa! Huyo kijana wako anafanyia kazi nyumbani?

Sijagusa. Naapa sijagusa. Lakini bosi hanipi siku nyingine nzima, ameshasema. Ninayo saa moja tu ya kutoka, na sijui niitoe wapi. Nifuate hesabu yako ya saa mbili, au nifuate kalenda, au nimpigie huyo kijana nimtukane?

Kama uko chini na majalada, hata mlango wa chumba namba mbili huuoni.

Driss

*

Casablanca, 2 Aprili

Baba Inass,

Bi Touria amekuja nyumbani jana baada ya tarawehe, na ile barua yako ya Jumapili kwenye simu yake. Amenisomea. Nimemwambia aniachie mimi nijibu.

Kwanza, asubuhi hii nimekwenda kwa mkurugenzi. Nimemwambia mara mbili zile hazikuwa zako, na nimesaini kwamba mimi mlalamikaji naomba zifutwe. Alitaka kunieleza habari za utaratibu. Nikamwambia anieleze mbele ya hakimu. Amezifuta nikiwa nimesimama hapo.

Pili, ile siku ya koti nilikusikia. Bi Touria anajua. Nataka ulijue kutoka kwangu. Sina maelezo yatakayokutosha, kwa hiyo sikupi.

Tatu, Agosti. Sijasema ndiyo. Naogopa, na nitaendelea kuogopa mpaka nimwone akirudi anashuka ndege. Kama unataka kunisaidia, usinikasirikie ninapouliza. Nitauliza sana. Tiketi ya kurudi, shule, dada yako atakuwepo kumwangalia au hayupo, nitauliza yote, na utanijibu polepole kama mtu mwenye akili.

Sasa kesho. Usifungue kalenda, iseme inavyosema. Kwa mujibu wa ofisi, maonano hata yakifanyika nje ya ofisi, kwa ridhaa ya pande zote mbili, yanahesabiwa, nimeuliza, nimepewa kwa maandishi. Nimeitoa namba yako kwenye zilizofungiwa. Kesho adhana ya magharibi ikilia hapa kwetu, tutakapokuwa tumekaa, nitakupigia mimi kwa simu yangu. Wewe huko jua litakuwa limeshazama, utakuwa umeshafungua. Pokea tu.

Inass amesema haongei na wewe. Nimemwuliza basi nikate, nisipige? Akasema, nipige, haongei tu. Baadaye akaja jikoni akaniuliza kama huko ulipo kuna mtu anayekupikia harira. Nikamwambia sidhani. Akafikiri, akasema nichukue bakuli moja zaidi, niiweke mezani karibu na simu.

Kwa hiyo ukifungua, fungua kwa tende na maji tu. Usile ukashiba.

Hanane